UZI: Nyumba moja ina sukari za aina tatu, na kwa kudhani ni moja nusura tumpoteze mtoto

DadaWaIpagala (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma hapa, nauza nafaka soko la Majengo, siyo daktari wala nesi, nasema mapema kabisa. Ila kwetu tuna watu watatu waliopata sukari na kila mmoja ana ya kwake. Mama yangu mzazi ana miaka 64, mimi niliipata nikiwa na mimba ya mwanangu wa pili, na mtoto wa dada yangu aliipata akiwa na miaka tisa. Watu wakisikia wanasema "aah hiyo ni ya ukoo". Na sisi tulisema hivyo hivyo, ndo maana naandika, maana kale katoto kalikaribia kufa mikononi mwetu kwa sababu wakubwa wote pale nyumbani tulijua sukari ni sukari.

Nianze na mtoto.

Ilikuwa mwaka 2022 mwezi wa tisa, mnaoijua Dodoma mnajua mwezi huo ulivyo, upepo, vumbi, jua la kupasua midomo, kwa hiyo mtoto akianza kunywa maji sana nani atashtuka. Jagi la lita mbili alikuwa analimaliza peke yake anarudi kujaza. Tukasema joto. Mwalimu wake akampigia dada simu kwamba kila kipindi anaomba ruhusa ya chooni, tukasema si maji anayokunywa. Akaanza kukojoa kitandani, mtoto aliyeacha tangu ana miaka mitatu, dada akamsema sana na siku moja akamchapa, mpaka leo akiikumbuka hiyo siku analia. Na godoro likitolewa nje kuanikwa sisimizi wanajaa pale pale penye alama ya mkojo, mstari mzima kutoka ukutani mpaka katikati ya godoro, mimi nimewaona kwa macho yangu nikachukua ufagio nikawafagia. Nikafagia nikaendelea na kazi zangu.

Kula alikuwa anakula, hata kuzidi zamani, lakini sketi ya shule ikawa inashuka mpaka dada akaibana na pini. Akapelekwa zahanati moja, wakapima malaria hakuna, wakasema ni UTI, akapewa dawa za siku tano. Hakuna aliyemtoboa kidole kupima sukari na sisi hatukuomba, maana sukari kwetu ilikuwa ni ugonjwa wa bibi.

Siku ya nne ya dozi akawa mnyonge kabisa, hataki kucheza. Mama yangu, yaani bibi yake, ndo akasema hebu nileteeni mashine yangu. Akamtoboa, mashine ikaandika HI. Hakuna namba, herufi mbili tu, HI. Tukadhani imeharibika, tukatoa betri tukarudisha, tukapima tena, HI. Bibi akajipima mwenyewe ikatoa 8.4 vizuri tu. Baadaye sana ndo nikaja kuelezwa kwamba HI maana yake sukari imepita kiwango cha juu kabisa ambacho ile mashine inaweza kusoma, nyingi mwisho wake ni 33 na kidogo. Usiku ule hatukujua. Bibi akachukua kidonge chake cha metformini, akakikata nusu akampa mjukuu wake na maji ya uvuguvugu, kwa upendo kabisa, akamwambia kesho utaamka mzima.

Saa kumi alfajiri anatapika. Tumbo linamuuma kajikunja. Anahema pumzi ndefu za nguvu kama mtu aliyetoka kukimbia, na huku kalala. Mdomoni inatoka harufu ya matunda yaliyoiva yakapitiliza, kama maembe yaliyosahaulika kwenye mfuko. Ukimwita anafumbua macho anafumba. Tukamgongea jirani mwenye bajaji.

Hospitali hawakuchelewa, wakatoboa kidole wakapima na mkojo, daktari akasema ketoni zimejaa, damu imegeuka kuwa na tindikali, huyu ana kisukari aina ya kwanza. Akawekewa dripu na insulini ya kwenye mshipa taratibu, siku tatu yuko chini ya uangalizi. Walimpima uzito kilo 19, na mwezi wa sita shuleni alikuwa na 25. Daktari akauliza nyumbani mlimpa dawa gani, dada kanyamaza, mimi kimya, bibi akasema mwenyewe. Daktari hakumfokea. Alikaa naye pale kwenye benchi akamwambia mama, sukari yako na ya mjukuu wako zimechangia jina tu.

Sasa nieleze nilivyoelewa mimi mtu wa sokoni. Lori likifika Majengo linashusha magunia, yale magunia hayaingii dukani yenyewe, yanabebwa na makuli. Sukari iliyo kwenye damu ndo magunia, maduka ni mwili wenyewe, misuli na kila kitu kinachohitaji nguvu, na insulini ndo kuli. Kijiwe cha makuli ni kongosho.

Aina ya kwanza, ya mtoto wetu: mgambo wa mwili, ile kinga inayotakiwa kufukuza wadudu wa magonjwa, imekosea ikakivamia kijiwe na kukivunja. Makuli hakuna. Magunia yamejaa barabarani, huku maduka yana njaa, na mwenye duka akikosa kabisa anaanza kuchoma meza na viti vyake apate moto wa kupikia, yaani mwili unaunguza mafuta yake, na ule moshi ndo ketoni. Ndo maana anakula na bado anakonda. Haitokani na pipi wala soda, na hakuna kosa alilofanya mama yake. Na metformini kazi yake ni kulituliza ini lisimwage sukari nyingi na kuyafanya maduka yapokee vizuri zaidi, sasa kama kuli hayupo nani atabeba? Huyu lazima aletewe kuli wa sindano, kila siku, maisha yake yote.

Aina ya pili, ya mama: makuli wapo, tena mwanzoni wanakuwa wengi kuliko kawaida, ila maduka yamekuwa mazito kupokea. Kongosho linaongeza makuli, linaongeza, miaka inapita, mwisho linachoka. Inakuja polepole na ndo wengi wa wagonjwa wa sukari tunaowaona. Umri, uzito hasa wa tumboni, kukaa sana, na hapa ukoo una nguvu kweli kweli. Mama aligundulika mwaka 2014 akiwa ameenda kliniki ya presha, hakuwa na dalili yoyote zaidi ya macho kuona ukungu ambao alidhani ni uzee. Anatumia vidonge mpaka leo. Na wapo wa aina ya pili wanaofika mahali wanahitaji sindano, wakianza sindano haimaanishi wamehamia aina ya kwanza, wamebaki wa pili wanaotumia insulini.

Ya mimba ndo yangu. Kondo la nyuma linatoa homoni zinazoyafanya maduka yasite kupokea, wanawake wengi kongosho linaongeza makuli mambo yanaenda, wengine linazidiwa. Mwanangu wa kwanza 2015 alizaliwa na kilo 4.4, ndugu wakapiga vigelegele dume hilo, kumbe saa moja baadaye mtoto analegea sukari imeshuka, maana tumboni alikuwa amezoea kupokea sukari yangu nyingi, kongosho lake likawa linatoa insulini kwa fujo, kitovu kikakatwa, sukari yangu ikakoma, insulini ikabaki. Hakuna aliyenipima sukari kwenye ile mimba. Mimba ya pili 2019 niliomba mwenyewe, wiki ya 26, asubuhi kabla sijala 5.3, nikanyweshwa maji ya glukosi gramu 75, baada ya saa mbili 9.6. Kwa asiye mjamzito hizo namba zisingeitwa kisukari ila kwa mjamzito mpaka uko chini, asubuhi ni 5.1 na saa mbili baada ya glukosi ni 8.5. Nilirekebisha kula na kutembea kila jioni, mtoto akaja na kilo 3.4. Ilipotea baada ya kujifungua, ila nimeambiwa mimi ni mteja mtarajiwa wa aina ya pili kwa hiyo napima kila mwaka.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua, na wataalamu waliomo humu wanisahihishe.

KijanaWaManyoni

Dada pole sana na asante. Nina swali la haraka. Kaka yangu ana miaka 24, mwembamba tangu zamani, wiki tatu hizi kakonda zaidi, maji na kukojoa usiku mara tano sita. Juzi duka la dawa walimpima ikawa 22 wakampa vidonge vya sukari, wakasema kwa kuwa ni mtu mzima ni aina ya pili. Leo tangu mchana anatapika anasema ni malaria. Tumpe vidonge mpaka lini ndo tuone mabadiliko?

NesiMstaafu

Mwanangu wa Manyoni, acha kila kitu mpelekeni hospitali sasa hivi, usiku huu huu, msisubiri kukuche. Mkifika semeni maneno haya: sukari ilikuwa 22, amekonda, anatapika, tunaomba apimwe ketoni. Akiwa anaweza kumeza mpe maji matupu kidogo kidogo njiani, usimpe soda wala glukosi ya unga, watu wengi wanamnywesha glukosi mgonjwa aliyelegea na kwa huyu ni kumwagia petroli. Nenda, utatusoma baadaye.

Kwa wengine. Umri hauchagui aina. Aina ya kwanza huanza zaidi utotoni na ujanani lakini nimempokea mwanaume wa miaka 41 amekuja nayo. Na aina ya pili sasa inawakuta vijana wenye uzito mkubwa. Ukiona mtu mwembamba, dalili zimekuja kwa wiki chache tu siyo miaka, anakonda huku anakula, wazo la kwanza liwe aina ya kwanza mpaka vipimo viseme vingine. Miaka yangu ya kazi nimeona watoto wengi wanaletwa wametibiwa malaria, UTI, nimonia kwa sababu ya kuhema, hata tumbo la kufanyiwa upasuaji, na kitone kimoja cha damu kingemaliza ubishi.

MtuWaHombolo

Mi nitofautiane kidogo na mleta uzi kwa heshima. Mjomba wangu alikuwa na sukari 15, akatumia unga wa mlonge miezi mitatu, akaacha vidonge, sasa anasoma 6. Na wazee wetu hawakuwa na haya magonjwa, ni hizi soda na sukari nyingi. Kwa nini mtoto afungwe kwenye sindano maisha yote kabla ya kujaribu vya asili?

DadaWaIpagala

Kaka wa Hombolo nakuheshimu na mjomba wako nampongeza, sitakuambia anadanganya. Ila niulize, ndani ya hiyo miezi mitatu alipungua uzito? Alipunguza ugali na bia? Maana aina ya pili ikiwahiwa na mtu akapungua kilo za kutosha sukari inaweza kurudi chini hata bila vidonge, wenyewe madaktari wanalijua hilo, na anatakiwa aendelee kupima maana inaweza kurudi. Makuli wake wapo, maduka yamefunguka. Mtoto wetu hana kuli hata mmoja, utampa mlonge uyafungue maduka, gunia litaingia lenyewe?

Kabla ya insulini kupatikana watoto hawa walikuwa wanafariki wote, sehemu zote duniani, kwa matajiri na kwa maskini. Dawa ilitolewa Toronto kule Kanada, wakina Banting na Best walianza utafiti 1921, na mwezi wa kwanza 1922 mvulana wa miaka 14 anaitwa Leonard Thompson akawa wa kwanza kuchomwa akaishi miaka mingine 13. Hata hiyo siku ya kisukari duniani, tarehe 14 mwezi wa 11, ni siku aliyozaliwa Banting. Nimeyasoma haya nikiwa nimekaa kwenye benchi la wodi ya watoto, sina mzaha nayo. Mtu akikuambia mtoto wa aina ya kwanza aachishwe sindano siku mbili ajaribu mizizi, kataa. Siku mbili zinatosha kumuua.

BintiWaKikuyu

Samahani naingilia, mimi nina sikoseli na mwezi uliopita nilipima kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu kikasoma asilimia 5.1 nikaambiwa sina sukari, ila kidole asubuhi bila kula nasoma 7.6, mara mbili sasa. Nishike kipi?

NesiMstaafu

Shika cha asubuhi binti yangu na urudi nacho kliniki. Hicho kipimo, HbA1c, kinasoma sukari iliyogandia kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe ya kawaida inaishi kama siku 120. Zako za sikoseli zinaishi muda mfupi mno, hazipati muda wa kugandiwa, kwa hiyo majibu yanatoka chini kuliko ukweli. Ukiongezewa damu pia kinachanganya. Wewe upimwe sukari ya damu ya kabla ya kula kwenye maabara, ikifika 7.0 na kurudiwa ikawa hivyo hicho ni kisukari. Kwa mtu asiye na tatizo la damu HbA1c ya asilimia 6.5 kwenda juu ndo kisukari, na ya kushtukiza muda wowote ikiwa 11.1 kwenda juu pamoja na dalili inatosha. Mashine zingine zinasoma namba kubwa kama 126 au 200, hizo zinatumia kizio kingine (mg/dL), gawanya kwa 18 utapata hizi zetu za kidole (mmol/L).

Na niongezee alichoanza dada, kwa sababu aina haziishii tatu. Kuna watu wazima kinga yao inavunja kijiwe polepole sana, anaanza kama aina ya pili, anapewa vidonge vinafanya kazi mwaka au miwili halafu vinagoma, watu wanamlaumu hafuati masharti, kumbe ni ndugu wa aina ya kwanza. Hiyo inaitwa LADA. Kuna ya kurithi kwa jini moja tu, MODY, utaikuta babu, baba na mtoto wote waliipata kabla ya miaka 25 na siyo wanene. Kuna inayotokana na kongosho lenyewe kuumia, kwa pombe ya miaka mingi au mawe kwenye kongosho au upasuaji. Kuna inayoletwa na dawa, hasa zile za steroidi anazopewa mtu wa pumu kali au mzio, dozi kubwa ya muda mrefu, kwa hiyo ukiwa na dawa hizo pima.

Halafu ipo moja ambayo sisi wa kanda ya kati inatuhusu kuijua. Kisukari cha watu waliokosa lishe tangu utotoni, wembamba sana, vijana, hawana kinga inayoshambulia kijiwe, ni kwamba kongosho lao halitoi insulini ya kutosha. Iliandikwa Jamaika mwaka 1955, Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha 1985 likaiondoa 1999, wengi wakawa wanaitwa tu aina ya kwanza au ya pili. Mwezi wa nne 2025 kwenye mkutano wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari huko Bangkok wakairudisha kwa jina la aina ya tano. Kwa nini nasema inatuhusu, ardhi hii inajua njaa, wazee wa Kigogo wametuachia mpaka jina, Mtunya, ile ya 1917 mpaka 1920, na ukame haujaacha kurudi. Mgonjwa wa namna hii ukimpa insulini nyingi kama ya aina ya kwanza na chakula hana nyumbani, sukari inashuka anazimika. Anahitaji kidogo, na anahitaji chakula chenye protini. Nilikuwa na vijana kliniki ambao hawakuwa wanaingia kwenye boksi lolote na nilikuwa nawaza sana juu yao.

MzeeWaBahi

Nesi na mleta uzi shikamooni nyote. Mimi nina aina ya pili. Nimeambiwa niache ugali wa sembe nile wa uwele na mtama kwa kuwa hauna sukari. Nakula wa uwele sahani imejaa na mlenda, sukari haishuki.

NesiMstaafu

Marahaba. Mzee wangu uwele nao ni wanga, unageuka sukari vile vile, tofauti yake una makapi mengi kwa hiyo unaingia kwenye damu polepole kuliko sembe iliyokobolewa. Mlenda ni mzuri sana, endelea nao. Kinachokuangusha ni ile sahani imejaa. Ugali uwe ukubwa wa ngumi yako, nusu ya sahani iwe mlenda na mboga nyingine, na kipande cha samaki au maharage. Zabibu ukipita barabarani chukua kichala kidogo ule zenyewe, juisi yake acha. Na kama kwenye dawa zako kuna glibenklamidi usiruke mlo ukishaimeza, kwa wazee inashusha sukari ghafla. Ukiona jasho la baridi, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno yanachanganyika, pima, ikiwa chini ya 4 koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, baada ya dakika 15 pima tena. Kama huna mashine karibu usisubiri, kunywa.

KijanaWaManyoni

Wakuu nimerudi, ni saa tatu asubuhi sijalala. Tulikodi gari jana saa nne usiku. Kwenye mkojo ketoni zilikuwa zile alama tatu za kujumlisha, sukari 31. Daktari kasema mngemleta leo jioni ningekuwa naongea nanyi mengine. Yuko kwenye dripu na insulini, imeshuka mpaka 13, saa hizi kafumbua macho kaniuliza pikipiki yake iko wapi. Wamesema inaelekea ni aina ya kwanza, watachukua vipimo zaidi akitulia. Vile vidonge nimevionyesha, wakavichukua. Nesi Mungu akuweke, dada pia, sina cha kusema.

NesiMstaafu

Ashukuriwe Mungu. Kabla hajaruhusiwa hakikisha mmefundishwa wawili, yeye na wewe, kuvuta dozi na kuchoma mbele yao. Akipewa Mixtard, ile insulini ya mchanganyiko yenye mawingu, inaviringishwa kati ya viganja mpaka iwe nyeupe sawasawa kama maziwa, usiitikise kwa nguvu. Anachoma nusu saa kabla ya kula, chakula kiwe kipo tayari jikoni. Anabadilisha sehemu, tumboni na mapajani, asichome shimo lile lile. Na akiumwa homa hata kama hawezi kula vizuri insulini haiachwi kabisa, anapima mara nyingi zaidi na kuwapigia kliniki wamwambie dozi. Na mtu yeyote kwenye ukoo asimpe mwingine dawa aliyoandikiwa yeye.

MamaWaChemba

Nami nina wa kwangu ana miaka 11, aina ya kwanza, kliniki yetu kuna mpango wa watoto insulini tunapewa bure, shida yangu kijijini hatuna umeme. Nazika chupa kwenye mchanga chini ya kitanda. Naogopa inaharibika.

DadaWaIpagala

Mama mwenzangu, mtoto wetu likizo anaenda kwa bibi mzaa baba huko Chamwino nako hakuna umeme, nikuambie tunavyofanya. Tafuta vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine na kibaki na nafasi ya vidole vitatu kuzunguka. Ile nafasi ijaze mchanga, umwagie maji mpaka ulowe. Insulini iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko lisiingie maji, likae chungu cha ndani, juu funika na kitambaa kilicholowa. Kiweke kivulini penye upepo, siyo ndani ya chumba kilichofungwa, maji yakikauka ndo yanavuta joto kwa hiyo upepo wetu huu mkavu wa Dodoma unasaidia, pwani kwenye unyevu hakifanyi kazi vizuri hivi. Ukitia mkono unasikia ubaridi kabisa.

Hapo unaweka chupa moja unayotumia. Zile ambazo hazijafunguliwa zinataka nyuzi 2 mpaka 8, ongea na zahanati ya kijiji wakuwekee kwenye friji lao. Usiweke karibu na barafu, ikiganda hata ikiyeyuka tupa. Ile iliyofunguliwa andika tarehe kwa kalamu pale kwenye karatasi ya chupa, ukihesabu wiki nne iache hata kama imebaki. Na kabla ya kuvuta iangalie, ile ya maji ikiwa na ukungu, au ya maziwa ikiwa na mabonge yanayogandia kwenye kioo, usimchome.

Huyu wetu sasa ana miaka 12, akiwa Chamwino kulowesha mchanga ni kazi yake, anaamka kabla ya bibi anamwagia kikombe kimoja asubuhi na kingine jioni akishamaliza kuchoma. Ukitaka picha ya vyungu nitumie meseji, jumapili naenda nitakupigia.